Ufunguzi wa Kituo cha Lenzi Ndefu, Nabukelau

Mtukufu Chifu wetu, Tui Nabukelau, uliyekubali kuketi juani ingawa cheo chako ni cha kivulini. Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa Waziri Msaidizi, ambaye naye ametuma mwakilishi, ambaye meli yake tunaambiwa imekwisha kuonekana. Mchungaji Semi pamoja na kwaya yako, ambayo nimeshauriwa niitambue mapema ili isiimbe tena. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, mliopo, mliotoa udhuru, na ninyi mlio nyuma ya banda la kinywaji cha yaqona mkidhani siwaoni. Akina mama mnaofukua lovo, tanuri letu la shimoni, ambao moshi wenu umefika hapa kabla ya chakula chenu. Makocha, waamuzi, na wachezaji wa timu zote mbili mnaopasha miili moto nyuma yangu kwa makelele ambayo ninayasamehe. Daktari Premila Naicker, mganga wa meno wa wilaya nzima, ambaye nusu ya umati huu inamwogopa na nusu iliyobaki haina meno. Mdogo wangu wa damu, Sajini Isireli, uliyerudi wiki hii kutoka jangwa la Sinai, ulikokuwa ukilinda amani ya watu wengine. Na wewe binti yake, Torika, uliyesimama pale ukiwa na mpira kwapani na uso wa mtu anayetaka baba yake mkubwa amalize haraka. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na mahali ambapo haikuzingatiwa, imekusudiwa.

(Makofi ya viganja vilivyokunjwa. Mheshimiwa msemaji anapewa kifuu cha yaqona, anakinywa chote, anapangusa masharubu.)

Mimi, Apisalome Vosawale, nasimama mbele yenu nikiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Picha za Michezo ya Wilaya, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Lenzi, na Kaimu Mlezi wa Kamera, nafasi tatu ambazo nimezishika kwa unyenyekevu ambao wilaya hii haijapata kuushuhudia, ili kuwaeleza, kwa mapana na marefu, kwa nini leo tunafungua Kituo hiki, ambacho ni tunda la upembuzi yakinifu, mpango mkakati, ushirikishwaji wa wadau, na safari yangu ya mafunzo kule mji mkuu, Suva, ambako nililala hoteli yenye vitanda viwili nikiwa peke yangu, kwa faida yenu.

(Mtu mmoja anauliza kitanda cha pili kililaliwa na nani. Kicheko. Mke wa Mheshimiwa hacheki.)

Kililaliwa na makabrasha, bwana, na tuendelee.

Ndugu wananchi, mtakumbuka hali ilivyokuwa. Timu yetu ya raga ya wanawake ilishinda nusu fainali ya kisiwa, ushindi ambao ofisi yangu iliutabiri mara tu ulipotokea, na gazeti likachapa picha iliyopigwa na kijana wetu mmoja kwa simu yake akiwa kule kwenye mlima, na katika picha ile timu yetu nzima, pamoja na wapinzani na mwamuzi, ilionekana kama wali uliomwagika kwenye mkeka. Akina mama waliligeuza gazeti juu chini wakitafuta watoto wao. Mama Vasemaca, shemeji yangu, ambaye ni mama yake Torika, alichagua punje moja akasema ndiye, na jirani yake akachagua punje ileile akasema ni wake, na wakanuniana mpaka Jumapili.

Hapo ndipo suala hili lilipoacha kuwa la michezo likawa la kiserikali, kwa maana lilifika kwangu.

Lilifika kwa miguu. Torika alikuja ofisini kwangu akiwa bado na matope magotini, akasimama mlangoni hadi nilipomwambia aingie, kwani ni mtoto aliyelelewa. Alikuwa ameitwa kambi ya mafunzo ya vijana kule Suva, wale wanaoandaliwa kwa timu ya taifa. Lakini baba yake, akiwa Sinai, alikuwa amekataa. Sajini, usiinamishe kichwa, hapa tunaeleza mchakato tu. Alikataa kwa sababu anayoijua kila mtu wa Nabukelau, maana uwanja huuhuu ndio uliomvunja bega alipokuwa na umri wa binti yake, na mpaka leo mkono wake haupandi juu ya kichwa bila kusindikizwa na mkono mwingine. Alikuwa amesema kwa simu, mbele ya mama mtoto, kwamba raga imekwisha kumla yeye, haitamla na mwanawe, na kwamba hawezi kuridhia kitu asichokiona.

Nanukuu maneno ya Torika kama alivyoyasema, kwa kuwa yamo kichwani mwangu na hayataki kutoka. Alisema, "Baba mkubwa, mimi sitaki ugomvi na baba. Nataka anione tu. Akiniona halafu akasema hapana, nitakaa."

(Mpira wa mazoezi unavingirika hadi miguuni mwa Mheshimiwa. Anautazama, anausukuma kwa ncha ya kiatu.)

Basi mimi, kwa mamlaka niliyokuwa nayo na mengine niliyojiongezea papo hapo, nilimwahidi kwamba kabla ya msimu kwisha baba yake atamwona. Na hatua ya kwanza ya utekelezaji ilikuwa kumtumia Sajini mchezo uliorekodiwa kwa simu na Katibu wa Bodi, Bwana Maciu, akiwa chini ya nguzo za upande wa pili. Mtandao wa kule jangwani ni wa kuvizia, ukija unakuja kama mgeni asiyelala. Mdogo wangu alitazama, akanipigia, akasema kwa upole wake ule wa kijeshi, "Kaka, yule sisimizi anayekimbia pembeni ndiye mwanangu?" Nikamwambia ndiye. Akauliza, "Na yule sisimizi anayemfukuza?" Nikalazimika kumweleza ukweli kwamba yule ni mbwa wa Maciu.

(Kicheko kirefu. Bwana Maciu anainua mkono kuomba nafasi ya kujibu. Hapewi.)

Ndugu wananchi, serikali yoyote inayojiheshimu, raia wake wakigeuka sisimizi, huunda kamati. Nikaunda Kamati Ndogo ya Lenzi, na ndani yake nikawaweka watu wa busara, na nikamweka pia Daktari Premila, kwa sababu yeye ana kamera yake ya zamani na amekuwa akipiga picha za raga Jumamosi zote ambazo watu hawaumwi meno, na kwa sababu alisema nisipomweka atakuja hivyohivyo.

Kikao kilifunguliwa kwa sala na kikaendelea kwa chai. Daktari akaomba tuanze na swali moja. Akaniuliza, "Mzee, unasimama wapi?" Nikamjibu pasipo kutetereka kwamba mimi nasimama upande wa maendeleo. Akasema hapana, uwanjani, unasimama wapi unapopiga picha, kwa sababu huwezi kuchagua lenzi kabla ya kujua umbali wako na mchezaji. Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo, kwa kuwa wote hukaa kwenye viti vya wageni wa heshima.

Akaendelea, na nitayasema maneno yake kama yalivyokuwa, ingawa hayakupitia kwangu kuidhinishwa. Alisema, "Msihangaike na kamera mpya. Ya zamani inayopiga harakaharaka inatosha, nguvu wekeni kwenye lenzi. Hapa kwetu mtu anapiga magoti ukingoni mwa mstari, mchezo unamjia. Lenzi ya milimita sabini hadi mia mbili inamtosha. Na jua letu likishaingia nyuma ya mlima, unataka jicho la lenzi lifunguke hasa, kwa namba mbili nukta nane, ili picha inaswe kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Usipofanya hivyo mguu wa mtoto unageuka moshi."

Hapa ndipo ulipotokea mgogoro wa kikatiba. Daktari alitufahamisha kwamba katika lenzi, namba ikiwa ndogo ndipo tundu la mwanga linapokuwa kubwa, na namba ikiwa kubwa, kama ishirini na mbili, tundu ni dogo kama la sindano. Ndugu wananchi, mimi nimetumikia umma tangu nikiwa tarishi, na sijawahi kuona mahali ambapo aliye mdogo ni mkubwa na aliye mkubwa ni mdogo, na nilimwambia Daktari kwamba kanuni kama hiyo ikiingia wilayani leo kwenye lenzi, kesho itaingia ofisini. Tukapiga kura. Ishirini na mbili ikashinda mbili nukta nane kwa kura zote isipokuwa moja, na ile moja ikasema, "Giza halipigiwi kura, mzee," kisha ikala biskuti.

(Daktari Premila, akiwa chini pembeni na kamera yake, anainua kidole kimoja bila kuondoa jicho.)

Baada ya hapo nilikwenda Suva. Muuza duka alinionyesha lenzi nyingi, fupi, za wastani, na nyingine za rangi nyeusi zisizo na haiba yoyote, akaniuliza ni za mchezo gani na wa mchana au wa taa. Nikamwambia ni za Mwenyekiti. Alinielewa upesi. Akatoa lenzi moja nyeupe ya milimita mia sita, ndefu kama paja la Maciu na nzito kuliko hilo paja, ambayo ukiishika hata mtu aliyekuwa amekaa anasimama, na akaniazima kwa majaribio hadi fainali ipite. Nilirudi nayo kwa meli nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga, na abiria wawili waliniuliza kama ni bomba la maji.

Ikaja fainali. Nyote mlikuwepo, na wale ambao hawakuwepo wanasema walikuwepo. Mimi nilichagua kusimama hatua chache tu kutoka mstarini, kwa sababu hapo ndipo nilipoonekana vizuri. Kwa kuwa lenzi ile ilikuwa nzito, na fimbo ya kuiegemezea ilikuwa haijaidhinishwa, Bwana Maciu alijitolea kuinama nikaiweka mgongoni mwake. Nikaweka ishirini na mbili, kwa heshima ya siku. Kisha nikaanza kazi.

Naomba niripoti matokeo kwa uwazi, kwa kuwa uwazi ni nguzo. Lenzi ndefu ukiisimamisha karibu na mchezaji haimchukui mchezaji, inachukua kipande. Kipindi cha kwanza nilipata sikio. Lilikuwa sikio safi, la kushoto, na baada ya uchunguzi tuliridhika kwamba ni la nahodha wa wapinzani. Nilipata pia kifungo cha mwamuzi, nusu ya namba tisa, na eneo la ngozi ambalo hadi leo hakuna familia iliyojitokeza kulidai. Kufika kipindi cha pili, jua likiwa limekwenda nyuma ya mlima, kamera ilianza kutoa picha nyeusi, na nikawaeleza waliokuwa karibu kwamba huo ni utulivu wa kifaa.

(Kicheko. Mtu wa nyuma anauliza kama lile sikio litaonyeshwa leo. Mheshimiwa anasema limehifadhiwa.)

Kisha, ndugu zangu, Torika akapigwa chini.

Mnakumbuka. Wasichana wawili wa kule ng'ambo ya ghuba walimkamata mmoja juu mmoja chini, akaanguka kwa bega, na hakuinuka. Bega lilelile la kushoto kama la baba yake. Shemeji yangu Vasemaca alikuwa amesimama karibu nami akiwa na kikapu cha magimbi ya dalo, na kikapu kikamtoka mkononi na dalo zikavingirika hadi ndani ya uwanja na hakuna aliyeziokota. Niliiacha ile lenzi mgongoni mwa Maciu. Nilivuka mstari, jambo ambalo ni kosa kwa mujibu wa kanuni nilizoziandika mwenyewe, na nilikuwa nikijiuliza nitamwambia nini mdogo wangu kwa simu, kwamba niliahidi utamwona mwanao, na kwamba ndivyo nilivyokuonyesha. Kwa muda ule, na naomba hili lisinukuliwe, sikumbuki kama nilikuwa Mwenyekiti.

(Mheshimiwa anatafuta kitambaa mfukoni. Anapata utepe. Anajipangusa nao.)

Akainuka. Alizungusha mkono mara moja, mara ya pili, akatazama kule mama yake alipo, akatikisa kichwa kuonyesha hamna kitu, kisha akaniona mimi nimesimama katikati ya uwanja na suti yangu ya sulu, ile sketi ya heshima, akasema kwa adabu kabisa, "Baba mkubwa, toka, mpira wetu."

Nikatoka.

Lilikuwa shambulio la mwisho la mchezo. Mpira ulitoka kulia, ukapita mikono mitatu, ukafika kwake, na akaenda ukingoni kabisa mwa mstari kama mtu aliyeahidiwa njia ile tangu kuzaliwa. Nilirudi mbio kwenye lenzi, nikaweka jicho, nikambana Torika katikati kabisa, na wakati nabonyeza, Bwana Maciu, ambaye ni Katibu wa Bodi lakini pia ni mjomba wa watu, akasimama wima kushangilia. Picha rasmi ya ushindi wa Nabukelau inaonyesha wingu. Ni wingu zuri, ingawa ni jeusi.

Kule kwenye kona, Daktari Premila alikuwa amepiga magoti tangu mapumziko. Mimi nilidhani amedondosha kitu. Alikuwa na kamera yake ileile iliyochubuka, na lenzi isiyo na haiba, sabini hadi mia mbili, iliyofunguka mpaka mwisho. Baadaye nilimuuliza alijuaje kuwa Torika angemalizia pale, akasema, "Nimemtazama msimu mzima, mzee. Mtoto huyu hapendi katikati." Alipiga picha nyingi kwa mfululizo, na kati ya hizo moja ndiyo ninayoizungumzia.

Picha ile siwezi kuieleza kwa lugha ya kiofisi. Torika yuko hewani. Mpira uko mkono mmoja. Wasichana wawili walio nyuma yake wameshika majani. Kila unyasi unaonekana, na matone ya matope yamesimama hewani hayajaamua pa kuangukia. Macho yake yako wazi, na ameuma mdomo wa chini.

(Torika anatazama chini, anausugua mpira kwa kiganja.)

Bodi, kwa kutambua umuhimu wa kumbukumbu sahihi, iliichukua picha hiyo, ikaipitisha, na kuiwekea muhuri mkubwa wa kielektroniki wenye maneno Mali ya Bodi ya Picha za Michezo, kisha nikaituma Sinai usiku uleule. Mdogo wangu alijibu asubuhi. Aliuliza kwa nini binti yake ana muhuri mahali pa kichwa.

Daktari alikuja ofisini bila kupiga hodi, akiwa bado na glavu za kazini, maana alikuwa amemwacha mtu kwenye kiti amepanua mdomo. Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee, jina langu silitaki na muhuri wako siutaki. Umemfunika uso. Yule baba anataka uso." Akaituma yeye mwenyewe, kutoka kwenye simu yake, ikiwa tupu kama ilivyopigwa, akarudi kwa mgonjwa wake.

Sajini alinipigia jioni. Sauti ilikuwa inakatika kama kawaida, kisha ikaacha kukatika na hakukuwa na sauti yoyote, na mimi nikaendelea kusema haloo, haloo, nikidhani jangwa limemmeza. Halafu akasema, "Kaka, huyo ni Mama."

Vijana hamkumjua mama yetu. Mwaka ule mto ulipofurika na kuchukua daraja, Isireli alikuwa mtoto, akateleza akaingia, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni nikipiga kelele, kazi ambayo nimeiendeleza maishani. Mama alikuja mbio kutoka shambani akapita kando yangu bila kuniona, akaruka. Mtu yeyote aliyekuwepo atawaambia alivyokuwa: macho wazi, mdomo wa chini umeumwa. Alimtoa. Isireli aliutazama uso ule ukimjia ndani ya maji, na hajauona tena kwa miaka yote, hadi ulipomfikia jangwani ukiwa juu ya mabega ya binti yake.

Akaniambia, "Mwache aende Suva." Nikamwambia amweleze mwenyewe. Nikamwita Torika ofisini, nikampa simu, nikatoka nje, nikafunga mlango wa ofisi yangu nikiwa nje, jambo ambalo halijawahi kutokea katika utumishi wangu.

(Makofi, si ya mpangilio. Sajini Isireli anainuka, anasimama tu, anakaa. Mama Vasemaca anamwekea mkono kwenye bega, lile la kushoto.)

Haya. Tusipoteze mwelekeo. Kutokana na mafanikio hayo, ambayo Bodi inayaona kuwa ya Bodi, uonekanaji wa wachezaji wetu umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini ikilinganishwa na kipindi ambacho hatukupima, sisimizi wamepungua, masikio yamedhibitiwa, na wilaya jirani zinatuma wajumbe kuja kujifunza, nasi tumewaomba wasije kwanza. Ndiyo maana Bodi ilipitisha Azimio la Ulaji wa Mwanga, linalotambua kwamba katika lenzi, na katika lenzi tu, namba ndogo inaweza kukaimu ukubwa. Na ndiyo maana tukaamua kuwa na Kituo hiki cha Lenzi Ndefu, chenye Ukumbi wa Lenzi, ambamo wengi wenu mmekaa, Chumba cha Kamera, walikokaa waheshimiwa wa timu ya wageni, Chumba cha Giza, pale jua linapowapiga akina mama wa kwaya, na Mapokezi, ambapo naomba mwenye ng'ombe amwondoe.

(Ng'ombe anaondolewa. Watu wanatazamana. Chifu anatazama juu, mahali ambapo pangekuwa na paa.)

Katika awamu ijayo kila kijiji kitakuwa na lenzi yake, kila lenzi itakuwa na kijana wake, na kila kijana atakuwa na mahali pa kupigia magoti palipotengwa kisheria. Nasema haya nikiwa na uhakika, kwa sababu si mimi nitakayeulizwa. Sasa tuitikie pamoja. Picha safi!

(Umati: "Wilaya safi.")

Namba ndogo!

(Umati: "Jicho kubwa.")

Lenzi ndefu!

(Umati, kwa sauti kuu: "Hotuba fupi.")

Nimeipokea. Nimalizie basi kwa shukrani. Namshukuru muuza duka wa Suva, aliyekuja mwenyewe kuchukua lenzi yake mara tu alipoliona lile wingu. Namshukuru Daktari Premila kwa kamera na lenzi zote za Kituo, ambazo ni zake, ziko shingoni mwake, na ataondoka nazo. Nawashukuru wahandisi, wachoraji na mafundi, ambao wangelijenga jengo hili kwa ustadi mkubwa kama kuna mtu angewaita. Namshukuru mzee wa ng'ombe kwa kamba, ambayo ndiyo kuta, na Bwana Maciu kwa vijiti, ambavyo ndivyo nguzo, na nawashukuru ninyi nyote kwa kukaa ndani ya Kituo muda wote huu na kukiheshimu, kwani ninyi ndio kitu pekee kilichomo.

Mwamuzi amenikumbusha kwa mara ya tatu kwamba Kituo kiko ndani ya mistari ya uwanja, na kwamba mpira hauwezi kuanza kikiwepo. Bodi imelitafakari suala hilo hivi sasa nikiwa nazungumza. Mdogo wangu ametoka Sinai, ameona picha moja, lakini hajamwona mwanawe akicheza kwa macho yake, hata siku moja, na jua letu mnalijua linavyokimbilia mlima. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, nakata utepe huu na kutangaza kwamba Kituo cha Lenzi Ndefu kimefunguliwa rasmi, na papo hapo namwagiza Katibu ang'oe nguzo. Ndugu wananchi, tafadhali tokeni nje ya jengo taratibu, kwa kutumia mlango, ili watoto wacheze. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Watu wanainuka, wanapita katikati ya vijiti viwili, mmoja baada ya mwingine. Chifu anapofika hapo anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita chini ya kizingiti.)